Ngazi ya Juu

Kikao kilifunguliwa saa nne na nusu
maana ufunguo wa ukumbi alikuwa nao mlinzi,
na mlinzi alikuwa amekwenda Bagira kwenye matanga.
Niliandika: saa tatu kamili.
Ndivyo tunavyoandika.

Jambo la kwanza, na likawa la mwisho:
zile ngazi za kuteremka Nyakabwiro,
mia mbili na kumi na saba kwa hesabu ya mwaka juzi,
mawe, magunia ya mchanga, matairi ya lori,
na pengine udongo mtupu
ulioshikwa na mizizi ya mkaratusi
ambao wenyewe ulishakatwa, ukauzwa.

Mheshimiwa Zihindula alisimama, akafunga kifungo cha koti.
Ngazi, alisema, ni barabara,
kwa kuwa watu hupita.
Basi ofisi ya barabara itoe saruji.
Mheshimiwa Cibalonza akasema hata kidogo,
barabara ni ile ipitayo gari;
hii imepangwa jiwe juu ya jiwe, kwa hiyo ni jengo,
na jengo lisilo na kibali, sheria tunaijua,
hubomolewa.
Kicheko.
(Niliandika: kicheko.)
Ndipo Lwaboshi, aliyekuwa akimenya karanga chini ya meza,
akasema mvua ikinyesha
lile si jengo wala si barabara,
lile ni mfereji,
na mifereji ni kazi ya mazingira.
Wa mazingira hakuwepo.

Walibishana mpaka umeme ukakatika.
Jenereta ikanguruma uani,
ikameza sentensi mbili za meya
ambazo sikuzisikia
na ambazo zimo kwenye muhtasari, ukurasa wa tatu.

Kwenye benchi la wageni alikaa Mama Nsimire, muuza makaa,
vidole vyake vimeacha alama
kwenye barua ya wakazi, kila pembe.
Alipewa dakika mbili. Hakuzimaliza.

“Mimi sijui ile kitu inaitwa nini.
Wabebaji ndio wanajua.
Kumpandisha mgonjwa ni faranga hamsini kila ngazi,
siku ya mvua ni mia.
Bwana yangu walimlaza juu ya mlango wetu, wakaanza.
Pesa zangu ziliishia ngazi ya mia moja na sitini.
Wakamtua pale, taratibu, hawakuwa watu wabaya.
Zilizobaki tulimpandisha
mimi na binti yangu.”

Nilitafuta neno.
Niliandika: ameeleza.

Lwaboshi aliacha karanga.
Mtu fulani akakohoa.
Kisha mwenyekiti akavaa miwani, akasoma,
kana kwamba yaliandikwa kabla hatujaingia:
kwa kuwa suala ni zito,
na kwa kuwa ofisi tatu zinahusika,
suala lipelekwe ngazi ya juu.
Mikono kumi na mmoja ikainuka.
Wa kumi na mbili alikuwa amelala.

Mama Nsimire bado amesimama.
“Ile ya yulu?”
aliuliza kwa heshima kabisa, akimtazama mwenyekiti,
“Ile ya yulu ilishaanguka, mwezi wa ine.”

Niliandika, neno kwa neno.
Mwenyekiti akaagiza yafutwe, si sehemu ya kikao.
Nimeyapigia mstari mmoja,
mwembamba, kwa rula,
mwenye macho atasoma.

Jioni nilivua viatu, nikavishika mkononi,
nikateremka Nyakabwiro,
kwa kuwa nami nakaa huko,
jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda.
Ziwa lilikuwa limeshaingia giza.
Mtoto mmoja alinipita akikimbia na dumu la maji kichwani,
anajua palipo na jiwe na pasipo na kitu.

Nilizihesabu kwa nyayo.
Ni mia mbili na tisa.
Kwenye muhtasari bado ni mia mbili na kumi na saba.